Hawakuwa "clandestins": wote tulikuwa tunawaona

Vijana wenzetu wa Lubudi, wa Fungurume, wa Kolwezi na wa Likasi,

Kila mwaka karibu na Noeli na Bonane, mambo ni yale yale ku gare. Mama ako na mtoto mu mgongo na mfuko wa mahindi ku kichwa. Kijana mwenye nguvu anamsukuma, anapanda wa kwanza, kisha anavuta wenzake watatu. Pembeni kuna bwana mmoja asiye na tiketi hata moja mu mkono, lakini anapokea falanga na kuonyesha wagon ya mizigo: "Panda hapa, usiogope." Mwenye kulinda anageuza uso. Treni ikianguka, tunasikia ku radio kwamba wafu walikuwa "clandestins".

Tunasema hapana. Mtu anayepanda mbele ya macho ya wote hajajificha. Ile neno haielezi kifo chake. Inafichia wale waliomuacha apande.

Tukumbuke Buyofwe, mu teritware yetu ya Lubudi. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilitoka ku reli. Ilikuwa na wagon 15. Wagon 12 zilihesabiwa kuwa tupu, kumbe zilikuwa na watu. Saba zikaanguka mu bonde. Hesabu ya kwanza ilisema wafu 60, kisha ikapanda mpaka 75, na wenye kuumia wakapita mia moja. Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 12 Novemba 2017, palepale Buyofwe, treni yenye wagon za mafuta ilianguka na watu zaidi ya 30 wakakufa. Mbele ya hapo, tarehe 22 Aprili 2014, siku mbili baada ya Pasaka, treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka Katongola, upande wa Kamina, na wafu wakahesabiwa kwa makumi.

Mara tatu mu miaka isiyofika nane. Tutaita ile bahati mbaya mpaka wakati gani?

Noeli haibadilishe tarehe. Bonane pia haibadilishe. Mwezi wa Septemba watoto wanarudi ku masomo kila mwaka. Mama anayeuza mikate anajua kuongeza unga wiki ya sikukuu. Sasa namna gani serikali na SNCC washindwe kujua kwamba watu watajaa ku gare?

Desemba 2024, Joe Biden, rais wa Marekani wakati ule, alifika mpaka Lobito, ku Angola, juu ya reli inayopeleka shaba yetu baharini. Reli itengenezwe, hatukatae. Lakini shaba iko na wagon yake na karatasi zake, inapimwa, kila tani inaandikwa. Mama anayekwenda matanga Bukama haandikwe popote. Wanaanza kumhesabu siku amekufa, na hata hapo hesabu inabadilika kila asubuhi.

Sasa tugeuze kidole kwetu. Nani anasukuma ku gare? Ni sisi. Sisi wenye diplome mu sanduku na bila kazi, tunaoshinda pale kutwa. Kuna wenzetu wanaopanda mbele ya wote, kisha wanauzia mama ile nafasi. Tunawajua, na ile bia iliyonunuliwa na ile falanga tulikunywa pamoja nao. Njaa si uongo, lakini haitupe ruhusa ya kukanyaga mzee.

Tena treni mingi peke yake haitoshe. India iko na treni kutupita mbali sana. Lakini tarehe 15 Februari 2025, ku gare ya New Delhi, watu waliokuwa wanakwenda sikukuu kubwa ya dini walikanyagana, na angalau 18 wakakufa. Pale hakuna treni iliyoanguka. Ni msukumano tu uliowaua.

Kwa hiyo tunadai:

1. Treni za abiria za sikukuu zitangazwe mapema, ku radio na ku ukuta wa gare.
2. Tiketi iuzwe ku dirisha, bei ikiwa imeandikwa, na mauzo yafungwe nafasi zikiisha.
3. Anayepokea falanga kwa kupandisha watu ku wagon ya mizigo ashitakiwe yeye, si mama aliyemlipa.
4. Majina ya wafu wa Buyofwe yaandikwe ku gare ya Lubudi, wote wayasome.

Na sisi wenyewe tunajipa kazi. Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba tutakuwa ku gare kila siku ya treni. Tutapanga mstari. Wenye watoto, wazee na wagonjwa watapita mbele. Hakuna mwenzetu atakayeuza nafasi, na akiuza, tutamtaja mbele ya wote. Hakuna mwenzetu atakayepanda juu ya mizigo, hata kama gari la barabara ni bei kali. Na simu zetu zipige picha za anayepokea falanga, zisipige tena picha za maiti.

Usitume "pole" mu simu halafu ukasukuma mama ku gare. Kama uko Lubudi, kuja. Tuonane mu mstari.