Kitale au Bungoma? Usiiachie simu iamue

Programu ya kutafuta njia huipa kila barabara gharama yake: kilomita au dakika. Haikuulizi kama unapenda kona na milima, wala haihesabu malori yatakayokupita ukiwa juu ya pikipiki.

Bungoma iko kwenye barabara kuu ya Nairobi hadi Malaba. Tatizo ni kwamba hukohuko ndiko yanakopita malori ya Uganda, usiku na mchana.

Nionavyo mimi, mwenye likizo ya siku nne alale Kitale. Mji uko mita 1,900 hivi juu ya bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Siku moja panda Kapenguria uteremke Marich. Nyingine nenda Endebess. Ya tatu Saiwa, hifadhi ya tangu 1974, utembee kwa miguu kumtafuta sitatunga, swala wa kinamasini.

Upande wa Bungoma uwe wa siku moja: maporomoko ya Nabuyole, Webuye, kisha urudi kabla ya giza. Lori bovu lililoachwa barabarani bila taa halionekani kwenye ramani.