Acheni Ushenga, Someni Kitabu

Ugomvi juu ya mapenzi ya vitabuni haukuanza leo. Mwaka 1868 Louisa May Alcott wa Marekani alitoa sehemu ya kwanza ya Little Women, hadithi ya mabinti wanne wa nyumba ya March. Wasichana wakammiminia barua: je, Jo, mmoja wa mabinti hao, ataolewa na Laurie, kijana wa jirani? Alcott, ambaye mwenyewe hakuolewa mpaka kufa, alitaka Jo abaki na kalamu yake bila mume. Walipomkazania, akampa mume, lakini si waliyemtaka: akamleta Profesa Bhaer, Mjerumani mtu mzima asiye na mali. Sehemu ya pili ikatoka 1869, na hadi sasa wapo wasiomsamehe.

Wana haki ya kulalamika, ila wengi wao hulalamikia pasipo. Eti Bhaer amekula chumvi, Laurie ni kijana tena tajiri. Hayo ni maneno ya washenga. Msomaji ajiulize kama hadithi imeyalea mapenzi hayo, au mwandishi kayaokota njiani. Kukataliwa kwa Laurie kumeandaliwa: mama mtu alikwisha kumwambia Jo kwamba yeye na Laurie wamefanana mno, wote wepesi wa hasira na wagumu kushindwa. Bhaer yeye anaingia safari ikiwa imekwisha kwenda mbali, Jo akiwa New York akifundisha watoto, na kubwa analolitenda ni kumfanya azionee haya hadithi za kusisimua alizokuwa akiziuza magazetini, hata akazitia motoni. Hapo ndipo pa kumshitaki Alcott! Binti tuliyempenda kwa uandishi wake anapata mchumba ambaye kazi yake ya kwanza ni kumkosoa maandishi.

Kwetu nako hali si njema. Mara ngapi tumesoma riwaya ya upelelezi ambamo shujaa yumo mbioni, ghafla mrembo anatokea hotelini, kurasa mbili wamependana, kisha anatekwa ili apatikane wa kuokolewa? Mwondoe mrembo huyo, weka mkoba wa nyaraka za siri: hadithi itakwenda vilevile. Linganisheni na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972. Bahati anampenda Idi, Idi anatamani fedha za Mwinyi, Mwinyi anamtamani Bahati. Ondoa tamaa na mapenzi hayo uone kama kitabu kitasimama.

Basi bishaneni, maana asiyebishania kitabu pengine hakukipenda. Lakini mbishane ukurasa ukiwa wazi mbele yenu, wala msimtukane mwandishi kwa kuwa hakumwoza mhusika mliyemchagua nyinyi. Nanyi waandishi, msikubali kila anayewaambia mtie mapenzi kidogo ili kitabu kiuzike. Mkiyatia, yaingie mapema, yawe na kazi, na wahusika wayalipie.

Hata wakubwa hawakuepuka mtego huu wa kutia mapenzi kwa kushauriwa. Charles Dickens, akimaliza Great Expectations mwaka 1861, alikuwa amewaachanisha moja kwa moja Pip, shujaa wa kitabu, na Estella, msichana aliyempenda tangu utotoni. Rafiki yake Bulwer-Lytton, naye mwandishi, akamshauri abadilishe. Akaandika mwisho mwingine, wawili hao wakakutana jioni kwenye bustani iliyokufa ya Miss Havisham, mlezi wa Estella, na matumaini yakarudi. Mwisho wa kwanza ulijulikana kwa wasomaji baada ya Dickens kufariki, na tangu hapo hawajapatana. Mimi niko upande wa ule wa kwanza. Estella amelelewa tangu utotoni ili avunje mioyo ya wanaume, kitabu kizima kimetushuhudisha hivyo, na mateso ya ndoa yake, ambayo ndiyo yanayosemwa yamemlainisha, tunayasikia kwa mbali tu. Anayenipinga anioneshe sura ambamo tulimwona akianza kubadilika kabla ya jioni ile.