Mungu Hapigi Simu Zamu ya Usiku

Nimepokea simu za wateja miaka mitatu, zamu ya usiku, kwa hiyo msiniambie niipende One Night @ the Call Center ya Chetan Bhagat (2005). Shyam anaitwa Sam ili Wamarekani wasikie raha. Hapo aligusa penyewe! Halafu? Gari linaning'inia juu ya shimo, Mungu anapiga simu: sikilizeni sauti ya ndani. Jamani, shida ni roho zetu, au ni saa inayokuhesabia sekunde hadi chooni? Katika filamu ya Boots Riley, Sorry to Bother You (2018), kampuni inageuza watu nusu farasi, lakini angalau wapiga simu wake wanagoma. Sisi tulipojaribu, msimamizi aliuliza nani kaanzisha. Tukanyamaza, tukavaa vipokea sauti.