Tutazeekea Wapi?

Mama mpendwa, mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu huliahirisha kwa kusema, "Bado mapema." Jambo hilo ni nyumba ya kustaafia. Ada za watoto zinadai, mgonjwa nyumbani kwa wazazi anadai, na mwezi unaisha kabla mshahara haujafika. Lakini miaka haimsubiri mtu. Hapa kwetu Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mimi nina miaka 46, kwa hiyo nimebakiwa na miaka 14 ya mshahara. Wewe je? Chukua kalamu uhesabu yako, na ya baba watoto pia.

Mafao hayatoshi kujenga

Nasikia akina mama wakisema, "Nikilipwa kiinua mgongo nitajenga." Dada, usiweke matumaini yote hapo. Tangu mwaka 2018 watumishi wa umma wamo katika mfuko mmoja wa PSSSF, na wa sekta binafsi wamo NSSF. Ili upate pensheni ya uzee unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Unapostaafu hulipwi zote kwa mara moja. Unapewa sehemu kwa mkupuo, na iliyobaki unalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Ukiumaliza mkupuo wote kwa saruji na bati, utaugua kwa fedha gani? Tena kusimamia mafundi ukiwa na miaka 60, na shinikizo la damu juu, si kazi ya kuitamani. Mkupuo uje ukute nyumba ina paa, umalizie madirisha na ununue tangi la maji.

Ardhi hiyo ni ya nani?

Hili ndilo kubwa, nalo huleta machozi mengi kuliko bei ya matofali. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo hupita kwa watoto wa kike, na ya mwanamume hurudi kwa wapwa zake, watoto wa dada zake. Mume wangu ni Mluguru wa Matombo, mimi nimetoka mkoa mwingine. Maana yake watoto wetu hawana ukoo kule mlimani. Yeye alitamani sana tujenge katika shamba la kwao, penye migomba aliyoipanda ujana wake. Nilimwuliza swali moja tu: "Mzee, ukitangulia wewe, mimi na watoto tutakuwa wageni wa nani?" Alinyamaza siku kadhaa. Kisha yeye mwenyewe alikwenda kukaa na wajomba zake, wakamweleza wazi kwamba migomba ataila maisha yake yote, lakini ardhi ni ya wapwa. Hawakukosea, ndivyo mila ilivyo. Tukanunua kiwanja chetu chini ya mlima, upande wa Bigwa, kwa majina yetu wawili. Mlimani anakwenda kupalilia na kuwasalimu ndugu, nasi hatujagombana na mtu.

Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza, uliza mambo haya. Kama ni ardhi ya ukoo, wazee wanasemaje, na wamesema mbele ya nani? Kama mmenunua kijijini, je, halmashauri ya kijiji inajua, na mmeomba hati ya hakimiliki ya kimila? Hati hiyo imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na sheria hiyo hiyo haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata ardhi. Kama ni kiwanja cha mjini, hati ina jina la nani? Omba yawe majina mawili. Usione haya, huko si kumtilia mashaka mumeo. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako. Karatasi yenye majina mawili itawasaidia wote wawili, na watoto baadaye.

Mahali pa mwili wa uzeeni

Nikizungumza kama muuguzi, nimepokea wodini akina mama wazee walioteremshwa kutoka milimani kwa machela, saa kadhaa njiani, kwa ugonjwa ambao mapema ungetibika kwa vidonge. Milima yetu ni mizuri na maji yake ni matamu, lakini magoti ya miaka 70 hayapendi mteremko. Chagua mahali panapofikika na gari hata masika, karibu na zahanati au kituo cha afya. Usijenge bondeni kwa sababu kiwanja ni rahisi. Desemba 2009 mto Mkondoa ulifurika Kilosa, na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Nyumba yenyewe iwe ndogo. Vyumba viwili au vitatu vinatosha, watoto watakuwa wameondoka. Usiweke ngazi ndefu mlangoni. Choo kiwe cha kukaa, kiwe ndani au kimeshikana na nyumba, na ukutani pawe na chuma cha kushikilia. Mlango uwe mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu.

Acha pia nafasi ya kazi isiyovunja mgongo: kuku, mboga, miti ya matunda. Kule Mgeta familia nyingi zimefaidika na mbuzi wa maziwa walioletwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Mbuzi wawili hulishwa hapo hapo bandani.

Hatua kwa hatua

Ukiwa na miaka 40 hivi, tafuta ardhi na karatasi zake. Kufikia 50, msingi na kuta. Kufikia 55, bati. Mwezi wenye fedha nunua mifuko michache ya saruji na uitumie mapema, maana ikikaa huganda. Mwezi usio na fedha, panda mti wa kivuli. Fedha ya kikundi ikikufikia, ipeleke kiwanjani kabla haijayeyuka jikoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwezi huu, mama, chagua jioni moja watoto wakishalala. Mpikie mzee chai, kaeni mezani, umwulize kwa upole: "Baba nanihii, sisi tutazeekea wapi?" Msikilize kwanza, kisha mwambie na ya moyoni mwako. Yaandikeni mliyokubaliana, na karatasi hiyo itunzeni pamoja na cheti cha ndoa.