Roketi si Kombora

Neno roketi lina uchungu masikioni mwa watu wa visiwa hivi, na uchungu huo una historia yake. Mwaka 1960 Waingereza, wakiwa bado ndio wenye amri juu ya nchi, waliwaruhusu Wamarekani kujenga huko Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury. Kituo kile hakikuwa na roketi hata moja. Kilikuwa na antena, redio na mitambo ya kupokea habari kutoka angani, zikiwamo za mapigo ya moyo na pumzi za rubani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia njiani. Lakini wananchi hawakuulizwa kabla ya nguzo kusimikwa, na mtu asiyeulizwa hana budi kukisia. Wengi walikisia kwamba hapo ni mahali pa makombora, na kwamba siku wakubwa wa dunia watakapopigana kisiwa hiki kitakuwa shabaha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali iliwataka Wamarekani wauondoe mtambo wao, nao wakahamishia kazi yao Madagaska.

Sisi hatuna sababu ya kuulaumu uamuzi ule. Nchi iliyotoka jana mikononi mwa mabwana ina haki ya kujua nani anafanya nini ndani ya mipaka yake. Tunachokisikitikia ni kwamba Wamarekani walipofunga masanduku yao, maarifa nayo yalifungwa ndani ya masanduku hayo hayo.

Tunguu haikuwa peke yake. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Wataliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na tangu mwaka 1967 hadi 1988 wakarusha kutoka hapo satelaiti kwa roketi za Kimarekani. Walikuja kwa sababu ya ikweta, kwani hapo mzunguko wa dunia wenyewe humsaidia mrushaji. Mojawapo ya satelaiti hizo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Shaba, Mobutu aliikabidhi kampuni ya Kijerumani ya OTRAG eneo kubwa la nchi, nayo ikajaribu roketi zake mwaka 1977 na 1978, huku majirani, Tanzania ikiwamo, wakiwa na wasiwasi mkubwa. Mwaka 1979 ikafukuzwa. Katika habari zote tatu mambo ni yale yale: ardhi ilikuwa yetu, bahari ilikuwa yetu, na walinzi wa getini walikuwa ndugu zetu. Hesabu ilikuwa ya wengine.

Sasa mambo yamebadilika, wala si kwa hisani ya mtu. Mtambo ambao mwaka 1962 ulijaza chumba kizima, leo kazi yake kubwa hufanywa na kipande cha saketi kinachoenea katika kiganja cha mkono. Kijana aliyefundishwa kushika pasi ya kulehemu katika kibanda cha fundi redio anaweza kukiunganisha. Huko Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, wanafunzi na walimu wao wameendesha mradi wa roketi waliouita Nakuja, na kompyuta ya kuiongoza safari ya roketi hiyo wameiunda wao wenyewe. Tunalitaja jambo hili si kwa kuwaonea wivu majirani, bali kwa sababu Juja si Ulaya.

Inafaa ieleweke kwanza roketi ya namna hii ni kitu gani, maana hofu nyingi huzaliwa na kutojua. Ni bomba jepesi lenye pua mbele na mapezi nyuma. Injini yake huwaka kwa sekunde chache tu, kisha bomba huendelea kupanda kwa kasi liliyokwisha kuipata, hupungua mwendo, husimama kileleni, na huanza kuanguka. Huko Marekani, roketi ikizidi uzito wa kilo moja na nusu huhesabiwa kuwa ya nguvu kubwa, na mrushaji wake hulazimika kuwa na cheti, nacho hutolewa kwa daraja tatu, daraja baada ya daraja. Haina kichwa cha mlipuko. Haina kifaa cha kutafuta shabaha. Mapezi yake huifanya iende wima, basi. Kanuni za vyama vya warushaji hao zinakataza waziwazi kuielekeza kwenye shabaha ya aina yoyote. Kwa hiyo afisa anayeiita kombora anakosea kama anavyokosea anayeuita mtumbwi manowari kwa kuwa vyote viwili vinaelea.

Kazi ya saketi ni kuirudisha salama. Kila apandaye mita nane hivi kutoka usawa wa bahari, kanieneo ya hewa hupungua kwa milibari moja. Kihisio kidogo hupima upungufu huo mara nyingi katika kila sekunde, na kompyuta huijua safari ilipofikia. Roketi inapofika kileleni, kompyuta hutoa amri, na mwavuli hutoka. Yaonekana jambo jepesi. Lakini chukua roketi iliyofika mita 3,000, ikafungua mwavuli mkubwa pale pale juu na kushuka mita 5 kwa sekunde: itakaa hewani dakika kumi, na kama upepo ni wa mita 8 kwa sekunde, itaangukia karibu kilomita tano kutoka iliporushwa. Kwa hiyo waundaji hutumia miavuli miwili. Mdogo hufunguka kileleni, roketi ikashuka kwa mita 25 kila sekunde. Mkubwa hungoja mpaka zibaki mita 200. Kwa hesabu hiyo safari ya kushuka huwa dakika mbili na nusu, na upepo ule ule huisogeza kilomita moja na ushei tu. Tofauti ya kilomita tano na moja ndiyo tofauti ya kuangukia porini na kuangukia uani kwa watu.

Kuna mitego mingine. Roketi ikikaribia kasi ya sauti, mawimbi ya hewa hukidanganya kihisio, nacho kikadhani kilele kimefika wakati chombo kingali kinakimbia. Mwavuli ukifunguka hapo huchanika vipande vipande. Fundi mwangalifu huifundisha kompyuta yake isisadiki kipimo hicho mpaka kasi ipungue. Huweka kompyuta ya pili yenye betri yake mbali, endapo ya kwanza itazimika. Huweka swichi nje ya bomba, isiwashwe mpaka roketi imesimama wima mahali pake na watu wamekwisha kujitenga. Haya hayapatikani kwa kukariri. Wazee wetu waliosoma elimu ya falaki ili kujua nyakati za sala na mwandamo wa mwezi walijua kwamba hesabu ya mbinguni humwaibisha mvivu mbele ya watu. Kompyuta hii nayo ni hivyo hivyo.

Yapo maswali mawili ambayo wasomaji wetu wana haki ya kuyauliza. La kwanza ni la umaskini: kisiwa chenye upungufu wa dawa na madawati kinataka nini na roketi? Tujibu kwa mfano ulio karibu nasi, tena unaotuuma. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mamia ya watu walikufa. Achilia mbali wavuvi ambao chombo huwapotelea na familia ikabaki kuuliza ufukweni. Hatusemi kwamba saketi ingeizuia meli iliyopakiwa kupita kiasi isizame. Kosa la binadamu halitibiwi na betri. Tunasema kwamba kifaa kinachoieleza roketi mahali ilipoangukia msituni, kwa redio ndogo na hesabu ya satelaiti, ni ndugu wa toka nitoke wa kifaa kinachoweza kueleza mahali ilipo ngalawa iliyochukuliwa na mkondo. Kijana aliyekiunda cha kwanza, kikatikisika na kugonga ardhi na bado kikasema, anaweza kukiunda cha pili. Kununua vifaa hivyo kutoka nje daima, na kumwita mgeni kila vinapoharibika, ni aina ya utegemezi ambayo Chama kimeipigia kelele kwa zaidi ya nusu karne.

Swali la pili ni la usalama wa watu, na hili tunalichukulia kwa uzito zaidi. Hatari ya kazi hii haimo katika saketi. Imo katika mafuta. Baada ya Warusi kuirusha Sputnik mwezi Oktoba 1957, vijana wa Kimarekani walishikwa na homa ya roketi, wakachanganya baruti zao wenyewe kwenye vyumba vya chini vya nyumba, na wapo waliopoteza vidole, macho na uhai. Dawa haikuwa marufuku peke yake. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, alikwisha kuunda roketi ndogo yenye injini iliyotengenezwa tayari, naye G. Harry Stine, aliyefanya kazi katika uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, akaueneza utaratibu huo na kuuandikia kanuni za usalama. Mafuta yakaachiwa wenye kiwanda na leseni, kijana akaachiwa bomba, mapezi, hesabu, na baadaye saketi.

Nasi twataka mgawanyo huo huo uwekwe hapa kabla kidole cha kwanza hakijakatika. Kuchanganya mafuta nyumbani kupigwe marufuku bila kupepesa macho, hata kwa mwanafunzi hodari. Kuunda saketi kusaidiwe bila masharti ya kuchosha. Ofisi ikivifunga vyote viwili katika kapu moja la marufuku, vijana wataviendea vyote viwili kwa siri, na hapo hakuna afisa atakayejua mpaka asikie mlipuko.

Ndipo tunapofika Kang'ata. Visiwa vyetu ni vidogo, vimejaa watu na mikarafuu, na ndege za abiria hushuka na kupaa kutwa. Roketi kubwa haifai kurushwa Unguja, wala Pemba. Lakini ng'ambo ya maji, Mrima, ikipitwa Pangani na kuingia nchi ya Wazigua huko Handeni, kuna kata ya Kang'ata, penye nyika na vilima. Hatuitaji kwa ajili ya upana wa nyika peke yake. Kang'ata ni nchi ya wachimbaji wa dhahabu, na mlima Magambazi umejulikana kwa madini hayo hata ng'ambo za mbali. Katika kazi ya migodi, baruti ya kupasulia mwamba haiguswi na kila mtu: inunuliwe kwa kibali, iwekwe ghalani kwa masharti, iwashwe na mwenye cheti. Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963, ina umri zaidi ya Muungano wenyewe. Ikiwa dola inaweza kumwamini mchimbaji mwenye cheti kupasua mwamba, basi njia ya kumwamini mwalimu wa chuo kikuu kuwasha injini moja ndogo, mbele ya mkaguzi, si njia ya kubuniwa upya.

Vipande vya ruhusa vipo, vimetawanyika tu. Baruti iko kwa watu wa madini. Anga iko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo peke yake inaweza kusema ni saa ngapi ndege hazitapita na ni kimo gani kisivukwe. Redio ya roketi yahitaji masafa, nayo yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Elimu ya juu, utafiti na usafiri wa anga ni mambo ya Muungano, kwa hiyo asitokee mtu akasema hili ni la bara au hili ni la visiwani. Tunapendekeza Tume ya Sayansi na Teknolojia ipewe kazi ya kuandaa fomu moja, itakayopita kwa hao wote na kurudi kwa mwombaji ikiwa na jibu, hata kama jibu ni hapana. Na mwombaji wa kwanza tungependa atoke Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kampasi yake iko Tunguu. Wasomaji wazee wataelewa kwa nini.

Limebaki la wenyeji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Watu wa Kang'ata wana mashamba ya mahindi, wana mifugo, na wakati wa kiangazi nyasi zao hushika moto kwa cheche moja. Msimu mkavu ndio mzuri kwa mrushaji, na ndio mbaya kwa mwenye shamba. Pengine siku ifaayo ni mwishoni mwa vuli, nyasi zikiwa mbichi na kaskazi haijashika nguvu, pengine sivyo. Wao ndio wanaoijua nchi yao. Waitwe katika mkutano mkuu wa kijiji, waonyeshwe bomba, mwavuli na saketi, waelezwe roketi itapanda kiasi gani na itaangukia wapi, nani atalipa mbuzi akigongwa, kisha waulizwe kama wanakubali, kabla hata nguzo moja haijasimikwa.