Ghala la bibi na ghala la mabomu

Wadau, nimepotea kidogo, test zilinibana. Juzi usiku radi ilipiga karibu na hosteli. Radi za Sumbawanga mnazijua, sisi wenyeji tuligeukia upande wa pili tukaendelea kulala. Ila mwenzangu wa chumbani alikuwa ameshafika mlangoni, peku. Yeye ni mtoto wa Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la JWTZ lilipolipuka kwao, alikuwa na miaka mitano. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Kwa milipuko hiyo miwili walikufa watu zaidi ya 40. Brazzaville, Machi 2012, wakafa zaidi ya 200.

Sasa hoja yangu. Hapo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, shirika la MAG la Uingereza limewahi kufundisha watunza maghala ya silaha. Kazi nzuri sana. Ila mafunzo ya namna hii, nani atoe na nani akae darasani?

Bibi yangu kijijini hana cheti chochote. Lakini hachanganyi mahindi ya mwaka jana na mapya, ya zamani yanatoka kwanza, na kila mara anaingiza mkono kusikia kama yamepata joto. Baruti nayo inazeeka jamani. Dawa inayoituliza inapungua mwaka hadi mwaka, joto linaharakisha, mwishowe inaweza kuwaka yenyewe. Kwa hiyo unapanga kwa tarehe, unapima joto, fyuzi unaziweka mbali na mabomu. Askari aliyekulia shambani ataelewa siku hiyo hiyo, mradi umfundishe ndani ya ghala lake na kwa lugha yake. Kalemie na Moba lugha hiyo ni Kiswahili. JWTZ limekuwa na wanajeshi Kongo tangu 2013 chini ya UN, na Mbagala inatuhusu wenyewe. Walimu tunao!

La pili, bosi naye akae darasani. Koplo mwenye funguo akiona mabomu yamechakaa hana mamlaka ya kuyateketeza. Anaandika ripoti tu. Kama mkubwa wake haelewi, ripoti inalala kwenye droo, na majirani wanalala ukutani mwa ghala.

Mwenzangu sasa anaweka viatu karibu na kitanda. Miaka yote hii, bado.

Nawasilisha.