Okestra ya Nico ilikuwa moja tu

Hapa Kadutu, mtaje Docteur Nico mbele ya wazee, nawe umewasha mjadala wa jioni nzima. Mmoja atasema gitaa lake lililia vizuri zaidi katika African Jazz ya Grand Kallé, iliyorekodi "Indépendance Cha Cha" kule Brussels mwaka 1960. Mwingine atashikilia African Fiesta, aliyoianzisha na Rochereau mwaka 1963. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mkaidi kuwapita wote, hataki kusikia jingine ila Sukisa, baada ya Nico na Rochereau kuachana.

Mimi naona wanagombea majina ya mlangoni. Katika okestra zote tatu, kando ya Nico alikuwapo kaka yake, Charles Mwamba, yaani Dechaud, mpiga gitaa la akompanyema, lile la kusindikiza. Waimbaji walibadilika, yeye alihama na mdogo wake kila mara. Sikilizeni tena nyimbo hizo, safari hii mkiiacha solo ipite. Chini yake kuna gitaa linalozunguka palepale, halichoki, na ndilo linalompa Nico nafasi ya kwenda mbali na kurudi bila kuvunja wimbo.

Baba mmoja jirani yetu, mshabiki wa Sukisa, alinijibu kwamba gitaa la pili hupigwa na yeyote. Nikamwomba aniimbie solo anayoipenda. Akaanza kwa mdomo, na vidole vyake, bila mwenyewe kujua, vikawa vinagonga meza kwa mwendo wa Dechaud.